Ukuta Uliopita Dirishani

Palikuwa na sultani mmoja, Shekuwe, mnene wa mwili na mwepesi wa kuchoka. Kilichomchosha kuliko vyote ni malalamiko. Kila akiinua tonge, mtu yuko mlangoni: daraja limeoza, kisima kimeingia chumvi, punda wa jumba ameng'ata mtu. Basi akatoa amri. Mlango ukafungwa, pembeni pakatobolewa kidirisha cha ukubwa wa kapu la sokoni, na ndani akawekwa karani na muhuri wa Sultani.

"Mwenye kulalamikia kitu," akasema Sultani, "akiambatishe kitu chenyewe, kipite hapo dirishani. Kisichopita hakisikilizwi. Na sheria hii ni ya kila mtu, wa kwanza mimi!" Akajipigia makofi mwenyewe.

Wenzangu, mji ulipata tabu! Aliyelalamikia kisima alileta ndoo ya maji, akaambiwa, "Haya ni maji. Kisima kiko wapi?" Aliyelalamikia jirani mkorofi alimleta jirani, kichwa kikapita, mabega yakakwama, watu wakashinda wakimvuta miguu. Mwishowe vikawa vinapita vikombe vilivyopasuka na kuku wagonjwa tu. Sultani akafurahi kweli. "Mnaona? Nchi yangu haina tatizo linalozidi kuku."

Sasa, nyuma ya jumba aliishi mpika vitumbua mmoja, Somoe, maskini wa kila kitu isipokuwa mdomo. Ukuta wa uani kwa Sultani, wa mawe matupu yasiyo na chokaa, ulikuwa umepasuka na kuinamia paa lake la makuti. Mvua ikinyesha, unainama zaidi. Na ndani ya kibanda hicho alilala mama yake Somoe, asiyeweza hata kusimama. Somoe alikuwa hapati usingizi kwa hofu.

Asubuhi moja akaenda dirishani.

"Nalalamikia ukuta wa Mtukufu. Utatuua mimi na mama yangu."

"Kiambatisho?" akauliza karani Mbaruku, uso chini.

"Ukuta, baba. Ule pale. Chungulia tu utauona."

"Mimi sichungulii. Mimi napokea."

"Sasa nikubebee ukuta?"

"Ukiwa mkubwa, ukate vipande. Juzi mtu kaleta kitanda hivyo hivyo."

"Wewe, karani wa Sultani, unaniambia niukate ukuta wa Sultani?"

"Ala! Mama, usinipotezee muda. Kata, leta, nigonge muhuri. Ndiyo kanuni."

Somoe akaigeukia foleni. "Jamani, mmemsikia?"

"Tumemsikia!"

Basi ikawa kazi! Foleni nzima ikamsaidia, maana nani hakuwa na lake moyoni? Wakaanzia juu, jiwe kwa jiwe, mkono kwa mkono, mpaka dirishani. Karani anagonga: "Imepokelewa. Imepokelewa." Mawe yakamfika magotini. Yakamfika kifuani.

"Hebu ngojeni kwanza!" akalia.

"Ndiyo kanuni, baba," akasema Somoe, akampa jingine.

Hatimaye karani hakuonekana tena. Ulibaki mkono mmoja juu ya mawe, nao bado unagonga.

Wakati huo Sultani yuko uani, anaoga, macho kayafumba kwa sabuni. Alipoyafumbua, hamna ukuta. Mji mzima uko mbele yake.

"Sabalkheri, Mtukufu," wakamwamkia kwa adabu.

Sultani akanyakua kikoi, akaja mbio na povu lake kichwani, askari nyuma yake na upanga. "Nani amekula ukuta wangu?"

"Ni mimi, Mtukufu," akasema Somoe. "Nimeuambatisha."

"Kata kichwa hiki!"

Askari akainua upanga. Somoe aliogopa, nisiwadanganye, lakini ulimi ulikuwa mahali pake.

"Kwa kosa gani, Mtukufu?"

"Huoni? Ukuta wangu haupo!"

"Maskini, pole sana. Kwa hiyo unalalamika?"

"Nalalamika, ndiyo! Tena sana!"

"Basi foleni inaanzia kule nyuma. Na ukifika dirishani, uambatishe ukuta unaoulalamikia."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Askari akamtazama Sultani. Sultani akajifuta povu.

"Niuambatishe vipi, mwanamke, na nimesema haupo?"

"Sheria ni ya nani, Mtukufu?"

"Ya kila mtu."

"Wa kwanza nani?"

"Mimi," akasema Sultani.

"Basi lete ukuta, ndipo nikatwe."

Sultani akaruka, kikoi kikataka kumvuka. "Si ule pale! Umejaa chumbani kwa karani!"

"Ah, ule?" akasema Somoe. "Yale mawe ni malalamiko yangu, Mtukufu, na kila moja limegongwa muhuri wako. Wewe katafute ukuta wako."