Nyasi za Ndama Zilizovuka Bahari

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa au ni kikohozi? Mmekula ugali wa watu mkashiba, halafu mnaitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakaawaa!

Haya, sasa mmeamka. Sogezeni kuni. Na wewe mwenye hindi la kuchoma, tafuna polepole, maana hadithi hii hakuna anayeijua kama mimi, na sirudii. Wale waliosoma mpaka wakavaa miwani nao wakae chini wasikilize. Vumbi la hapa halichagui suruali.

Zamani hizo, zamani zenyewe kabisa, ndege wakiwa wafanyabiashara na ng'ombe wakijisemea wenyewe bila wakili, paliondokea mama mmoja akiitwa Naishorua. Alikaa kwenye nchi tambarare, nchi ya upepo na miiba, mbali na bahari kiasi kwamba ukiwatajia watu samaki walidhani unawatukana. Mumewe alikwisha kufa. Mtoto hakujaliwa. Lakini ng'ombe wake walimwita Mama, naye akiitika.

Mkubwa wa ng'ombe hao alikuwa Sirua, jike la kijivu kama pofu, yule swala mkubwa wa porini. Sirua akitoka, wote wanatoka. Sirua akilala, wote wanalala. Sirua akiinamisha kichwa kula, ndipo wote wanakula, na kabla hajainama hakuna hata mmoja aliyethubutu kung'oa jani.

Sasa, Naishorua alikuwa na kazi yake aliyorithi kwa mama mkwe. Alikuwa mlinzi wa nyasi za ndama. Kando ya boma palikuwa na uwanja umezungushiwa ua wa miiba, na nyasi za humo hazikuliwa masika wala vuli. Zilingoja kiangazi kikali, siku ambayo nchi nzima imebaki mawe. Siku hiyo mlinzi hufungua ua, ndama na wagonjwa wakaingia wakala, wakaiona masika nyingine. Na sharti lilikuwa moja: mdomo wa mnyama mkubwa usiguse nyasi za ndama. Hata Sirua mwenyewe, akipita pale jioni, aligeuza uso upande wa pili, asije akatamani.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha mpaka vyura wakachoka kuimba. Nyasi zikafika kifuani mwa mtu. Ndipo akashuka Korongo.

Korongo mnamjua? Nyinyi hamjui kitu. Ni yule ndege mweupe, miguu mirefu myekundu, anayekuja kila mwaka kutoka ng'ambo na kila mwaka anarudi. Anatembea kama mtu anayeogopa kuchafua kanzu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Bwana Korongo," akasema Naishorua. "Maziwa yapo."

"Maziwa sinywi, mama. Naangalia tu." Akatazama ua wa miiba. "Nyasi zile ni za nani?"

"Za ndama."

"Na ndama wako wapi?"

"Wako bondeni wanacheza. Mwaka huu malisho ni kila mahali."

"Kwa hiyo hakuna anayezila."

"Hakuna."

Korongo akasimama mguu mmoja, akafikiri. "Mama, ng'ambo ya bahari kuna nchi ya mchanga. Watu wake wanapenda mifugo kuliko macho yao, lakini jani hawana. Mbuzi wao wanalamba kuta. Niuzie nyasi hizi."

Naishorua akacheka mpaka shanga zikalia shingoni. "Unaota, bwana. Mdomo wa mkubwa haugusi nyasi hizo."

"Nani ametaja mdomo? Mimi ni ndege, nyasi sili. Nitazikata kwa mundu, nitazifunga kwa waya, nitazipakia melini. Mnyama gani wa hapa atakuwa ameweka mdomo?"

Hapo akatokea Nolari, dada wa marehemu mume wake, mwanamke ambaye ukitaja sukari anasikia hata akiwa kisimani. "Wifi, muulize analeta nini! Muulize kwanza!"

Korongo akakunjua bawa. Chini yake palikuwa na gunia la sukari, shanga za rangi ambazo hazijawahi kuonekana nchi ile, na kengele ya shaba inayong'aa kama jua la asubuhi.

"Kengele hii ni ya Sirua," akasema. "Mkubwa hatembei kimya kama mwizi."

Nolari akachovya kidole kwenye gunia, akakilamba, akafumba macho. "Wifi yangu, zile nyasi si zitaota tena? Nyasi kazi yake ni nini kama si kuota?"

Naishorua akaligeuza lile sharti huku na huku, kama mtu anavyogeuza kiatu kutafuta mwiba. Mdomo wa mkubwa usiguse. Ni kweli, hakuna mdomo utakaogusa. Akatazama tena, mwiba hakuuona. Akakubali.

Nyasi zikakatwa. Zikakatwa chini kabisa, mpaka udongo ukatoa macho. Zikafungwa marobota, marobota yakapanda migongo ya punda, punda wakaenda zao baharini. Jioni Sirua akapita pale na kengele yake mpya, ngli, ngli, ngli. Safari hii hakugeuza uso.

"Mama, ua naliona. Kilichozungushiwa ua kiko wapi?"

"Zitaota, Sirua."

"Sawa, Mama."

Ng'ombe wakaizoea ile kengele. Kukiwa na vumbi, wanaifuata. Kukiwa na ukungu, wanaifuata. Hata wakiwa wamefumba macho kwa usingizi, kengele ikilia miguu inakwenda yenyewe.

Basi, mnaona naanza kucheka kidogo? Chekeni na nyinyi sasa hivi, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha.

Mvua ya kwanza ikapita juu. Mvua ya pili ikapita pembeni. Mvua ya tatu haikupita kabisa.

Nchi ikabaki mawe. Katikati ya dhiki hiyo Sirua akazaa, ndama mdogo kama mbwa, miguu haijui kusimama. Naishorua akamlaza ndani ya nyumba, karibu na mafiga, maana nje upepo ungembeba. Kisha, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa imefika na kazi ni kazi, akaenda kufungua ua. Alivuta miiba kama alivyofundishwa, akasimama kando kama alivyofundishwa, akawaita ndama kwa majina. Ndama wakaingia. Wakazunguka humo ndani. Wakatoka, wakamtazama usoni.

Hakuna aliyemlaumu. Afadhali wangemlaumu.

Ndipo akashuka Korongo, na nyuma yake punda wamebeba marobota.

"Hodi wenyewe! Nimewaletea malisho ya ng'ambo. Daraja la kwanza!"

Sirua akajikokota mpaka kwenye robota la mbele. Akanusa. Akanusa tena. "Mama, hizi ni zetu. Hapa pananuka mkojo wa ndama wa mwaka juzi. Namjua hata jina."

Nolari akashika kiuno. "Wewe mdomo mrefu! Unatuuzia nyasi zetu?"

"Zilikuwa zenu," akasema Korongo, bila haya hata kidogo. "Sasa zimesafiri. Zimevuka bahari zikaenda, zimevuka bahari zikarudi. Kitu kikisafiri kinapanda thamani. Hata wewe dada, ungesafiri kidogo ungepata adabu."

"Unataka nini?" akauliza Naishorua.

"Ng'ombe mmoja tu. Kule ng'ambo wanapenda nyama ya huku."

"Chukua dume lile jeusi."

"Namtaka mwenye kengele."

"Chukua dume na mtamba wake."

"Namtaka mwenye kengele."

"Korongo, chukua wawili unaowataka wewe, lakini huyu niachie. Huyu ndiye niliyekuja naye siku ya ndoa yangu."

"Mama, namtaka mwenye kengele. Nikimkosa, narudi na marobota yangu."

Naishorua akawatazama ng'ombe wake. Mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya mto. Aliyesema ni Sirua.

"Mama, mimi niende. Mtoto wangu atanyonya kwa mwenzangu Nadua, bado ana maziwa, na akila nyasi hizi yataongezeka. Ila nakuomba kitu. Nikiwa njiani usiniite. Ukiniita, nitaitika."

"Sitakuita," akasema Naishorua.

Korongo akashika kamba, akaondoka na Sirua. Ngli, ngli, ngli. Naishorua akakata waya, akazitawanya nyasi mbele ya ng'ombe, harufu yake ikajaa boma lote. "Kuleni, wanangu."

Hawakula. Walimngoja Sirua ainamishe kichwa. Na Sirua alikuwa barabarani, na kengele ilikuwa barabarani. Nadua akainua masikio. Akapiga hatua. Wote wakapiga hatua. Ua la boma likavunjika, na kundi zima, watoto kwa wakubwa, likaziacha nyasi pale chini likaifuata sauti ya shaba.

Naishorua na Nolari wakakimbia. Wakawashika mikia, wakaburutwa. Wakawatangulia mbele, wakapitwa. Nchi ya mawe ikaisha, nchi ya mchanga ikaja, na mwisho wa mchanga palikuwa na maji ambayo hayana ng'ambo, na juu ya maji meli, tumbo lake la chuma liko wazi. Sirua alikuwa anapanda ngazi ya mbao. Ng'ombe wengine walikuwa wamefika chini ya ngazi, wamesimama. Ngazi waliiogopa. Hawajawahi kukanyaga kitu kinachotikisika.

Angenyamaza tu. Jamani, angenyamaza! Lakini nani kati yenu angenyamaza?

Naishorua akaita, ule wito wake wa jioni:

"Sirua we, Sirua! Jua limelala, urudi!"

Sirua akageuza shingo kuitika. Kengele ikalia. Ng'ombe waliokuwa chini wakasikia, wakaikanyaga ngazi.

Akaita tena, kwa nguvu zaidi:

"Sirua we, Sirua! Jua limelala, urudi!"

Sirua akageuza shingo kuitika. Kengele ikalia. Wakafika katikati.

Akaita mara ya tatu, sauti imepasuka:

"Sirua we, Sirua! Jua limelala, urudi!"

Sirua akatikisa kichwa kama anayesema usiite, Mama, usiite, na kadiri alivyotikisa ndivyo kengele ilivyolia, na kadiri ilivyolia ndivyo walivyosukumana ndani. Nolari akamziba wifi yake mdomo kwa kiganja. Walikuwa wamekwisha kuingia wote.

"Warudishe!" akasema Naishorua. "Ulinunua mmoja!"

"Nilinunua mmoja," akasema Korongo. "Hao wengine nimewavuta? Nimewapiga? Wamejipandisha wenyewe, mama, na mimi mgeni akipanda kwangu simfukuzi." Akajipangusa manyoya. "Lakini mimi si mwizi. Kila aliyepanda nitamlipia robota."

Na akalipa. Huyo ndiye Korongo, akikuahidi anatimiza. Meli ikaondoka, kengele ikawa inasikika, ikawa inasikika kidogo, ikawa upepo tu.

Punda wakawarudishia nyasi mpaka bomani. Zilipangwa zikapita urefu wa nyumba. Masika ile iliyonyesha sana haikuwahi kuona nyasi nyingi hivyo mahali pamoja, na palikuwa kimya hata inzi walikuwa wamehama.

Ndani, karibu na mafiga, kitu kikalia.

"Mama? Maziwa?"

Nolari akatoka na kibuyu, akaenda boma hadi boma, akarudi nacho kinatoa vumbi tu. Nchi nzima ilikuwa imekauka matiti. Naishorua akachovya kidole kwenye maji, ndama akakinyonya, akakiachia. Akachagua jani laini kuliko yote, akalitafuna yeye mwenyewe kwanza, akamtia ndama mdomoni. Ndama akalilowesha kidogo, akalitema. Mdomo wake ulikuwa haujajua nyasi.

"Mama, maziwa?"

"Yanakuja."

"Mama, maziwa?"

"Yako njiani."

Hakuuliza tena.

Kwao kule, ndama akifa mchanga, ngozi yake huchunwa, ikajazwa nyasi, ikashonwa, ikasimamishwa mbele ya mama yake. Mama anainusa, anailamba, anateremsha maziwa. Ndiyo desturi. Basi Naishorua akachuna, akafungua robota, akajaza. Mguu mmoja, mguu mwingine, tumbo, shingo. Akashona vizuri, taratibu, kama anayeshonea mtu nguo ya sikukuu.

"Wifi," akasema Nolari, naye sukari yote ya dunia ilikuwa imemtoka mdomoni, "unamsimamishia nani? Ng'ombe hayupo."

"Akija amkute."

Akambeba, hakuwa na uzito wowote, akamsimamisha langoni, uso umeelekea barabara ya baharini. Upepo ukivuma, zile nyasi zilisuguana tumboni, na mtu aliye mbali angedhani ndama anacheua.

Ndivyo nyasi za ndama zilivyomfikia ndama.

Hadithi nimeishusha hapo langoni, simameni nayo. Nani amezima moto? Sikusema uzimwe.