Kiboko na Maswali ya Bi Chausiku

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na ofisi, simu na foleni za asubuhi, Bi Chausiku alimwambia mumewe, "Nikirudi tutamalizia kipindi. Usiguse kitu." Akatoka kwenda kuchuma majani ya chakula cha mchana. Kipungu, yule ndege mla nyama, akapita, na Bi Chausiku hakurudi. Ni hivyo tu, wanangu.

Mumewe aliitwa Perere, yule mnyama wa mitini ambaye mwili wake ni kama wa paka lakini sauti yake huvuka bonde. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wanyama wosia na kusimamia mirathi. Ofisi yake ilikuwa ndani ya tundu la mvule, ndogo kiasi kwamba mteja akiingia, kiti kinatoka nje.

Hapo mwanzo wateja walikuwa haba. Ndipo mkewe alipoleta wazo la podikasti: mazungumzo wanayoyarekodi wao Jumatatu, na wenzao wakayasikiliza kwenye simu siku yoyote, huku wakichimba au wakinyonyesha. Perere alieleza sheria, mkewe aliuliza. Kila mara maneno yalipokuwa makubwa alimkatiza: "Subiri kwanza! Sijaelewa." Hapo ndipo wasikilizaji walipoelewa. Wakaanza kuja, na kila mmoja akisema, "Nimefuata lile jambo aliloliuliza mama."

Baada ya msiba Perere hakurekodi tena. Kila alipowasha mashine alisikia mtu akivuta pumzi kutaka kuuliza, kumbe ni upepo kwenye tundu. Miezi mitatu ikapita kimya. Wateja wakahamia kwa Kiboko, wakili mkubwa wa mtoni.

Siku moja mvule ukatikisika. Du! Du! Du!

"Hodi! Bwana mdogo, upo?"

"Karibu, Wakili."

"Nikaribie wapi? Hata pua haiingii!" Kiboko akacheka, hrrm-hrrm-hrrm. "Sikiliza. Nakitaka hicho kipindi chako. Jina, wasikilizaji, vyote. Zile rekodi za zamani nitazifuta, niweke sauti yenye uzito."

Perere akaikumbatia mashine yake. Sauti ya mkewe ilikuwa imebaki katika rekodi zile arobaini, na si kwingineko.

"Na nikikataa?"

"Mwisho wa mwezi utafunga ofisi. Utakula nini, magome? Halafu huyo mkeo, yumo ndani? Mwambie apunguze maswali."

Perere akaikumbuka siku ile ya matanga. Msiba ule ulijaza msitu. Twiga alikaa siku tatu ameinama, asije akaonekana anachungulia majirani. Hata Chui alifika, akaketi mkekani bila kumtazama mtu vibaya. Kiboko peke yake hakuja, na kumbe hata kuulizia hakuulizia.

"Yumo," Perere akasema.

Neno lilimtoka kirahisi. Akatamani kulisema tena.

"Yumo ndani. Tena ana maswali yake kwako. Basi tufanye hivi, Wakili. Njoo Jumatatu tuzungumze kwenye kipindi. Wasikilizaji wakikutaka, chukua vyote. Wakikukataa, usitie mguu hapa tena."

"Umesema?"

"Nimesema. Na wewe?"

"Nami nimekubali! Andaa karatasi kabisa!"

Kwa siku tatu Perere alizisikiliza rekodi zote arobaini. Tangu kifo kile hakuwa amethubutu. Alimsikia mkewe akicheka, akipiga chafya, akimwambia asogeze kiti. Alichohitaji kilikuwa maswali machache tu ya kukata, lakini mara nyingi aliiacha mashine iendelee, akakaa mikono mapajani mpaka jua likahama mlangoni. Mwishowe alikuwa na maswali manne, kila moja na kitufe chake.

Jumatatu Kiboko akaja, akabandika sikio kwenye tundu.

"Wasikilizaji," akanguruma, "kwa mujibu wa taratibu za uhaulishaji wa mali isiyohamishika ya marehemu..."

Perere akabonyeza. Ti!

"Subiri kwanza! Sijaelewa."

"Ah, shemeji! Habari za siku nyingi? Nasema hivi, mjane akija kwangu, anasaini karatasi."

Ti! "Karatasi gani?"

"Karatasi... ya kusaini! Asaini, asisome."

Ti! "Kwa nini?"

"Kwa sababu akisoma ataanza kuuliza, kama wewe!"

Ti! "Subiri kwanza! Sijaelewa."

"Huelewi nini? Shemeji, wewe una maswali kama kupe!" Kiboko alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye vidole.

Perere akavuta pumzi. Ti!

"Na wewe msibani huwa unakwenda?"

"Mimi? Hakuna msiba ulionipita! Si mwezi uliopita tu tulikuwa wote kwa kina Nungunungu, mimi na wewe, tukala pilau sinia moja? Nawe ulikuwa mzima, unacheka!"

Ndani ya tundu, Perere aliondoa kidole kwenye kitufe. Kwa pumzi moja alitamani iwe kweli.

"Ahsante, Wakili," akasema. "Inatosha."

Alhamisi akakitoa kipindi kama kilivyo, bila kuongeza neno. Kufika adhuhuri, Nungunungu alikuwa ametupa jembe.

"Pilau kwangu? Na marehemu?"

"Kwi kwi kwi! Kala na marehemu!" nyani wakashangilia juu ya miti.

"Na mimi nilisaini bila kusoma," akasema mjane Pofu, yule swala mkubwa, na yeye hakucheka. Akaondoka moja kwa moja kwenda mtoni kudai karatasi yake, na nyuma yake wakafuata wengine.

Kiboko alipowaona wanakuja, pwaa! akajitupa majini. Mpaka leo amezama humo, ameacha masikio tu nje, anasikiliza kama wameacha kumsema.

Basi wanangu, anayetaka kazi ya wafiwa, na aanze kwa kwenda kuwapa pole.

Na Perere? Asubuhi iliyofuata foleni ilizunguka mvule mara mbili. Hakuufungua mlango mara moja. Alichukua fomu ya mirathi, ile ambayo kwa miaka mingi aliwajazia wengine, akakaa. Penye jina la marehemu akaandika: Chausiku. Penye mali aliyoacha akaandika: kanga saba, miwani, sufuria mbili. Penye mrithi akaandika jina lake mwenyewe, kwa mwandiko uleule safi. Akapuliza wino ukakauka.

Kisha akafungua mlango, akaita, "Wa kwanza!"