Mama Nguchiro na Mlango wa Seva ya Nyani

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na mlango!
Mlango wa nani?
Wa Nyani, mwenye tumbo!

Basi, Nyani alikodi seva: mashine moja kubwa yenye vyumba vingi, na chumba kimoja kikawa chake. Humo alitunza hifadhidata ya majina. Kiangazi kile, mtoto ambaye jina lake halijaandikwa kabla ya jua kuzama hapewi maji kisimani.

Nyani akaketi mlangoni. "Kila nikifungua mlango, ndizi moja!"

Akaja Swala na jina la mwanawe. Mlango, ng'wiii! Jina, chap! Mlango, kwaa! Ndizi, nyam!

Akaja Swala tena na jina la pili. Mlango, ng'wiii! Jina, chap! Mlango, kwaa! Ndizi, nyam!

Foleni haisogei. Mkiani alisimama Mama Nguchiro na wanawe tele, ndizi moja tu mkononi. Kitinda mimba wake alikuwa amekauka midomo.

Mama Nguchiro akachukua kapu, akapita akikusanya majina yaliyoandikwa kwenye majani.

"Dada Swala, tia yaliyobaki. Shemeji Ngiri, nawe tia."

"Unakusanya tu, huendi?" akafoka Ngiri. "Jua linaondoka!"

"Linaondoka, na foleni imesimama. Tia, shemeji."

Nyani akacheka. "Mwoneni mvivu! Wenzake wanabisha hodi, yeye anaokota majani!"

Kapu likajaa. Mama Nguchiro akaenda mbele.

"Hodi, Mzee. Ndizi yako hii."

"Moja? Na majina yote hayo?"

"Si ulisema kila ukifungua mlango? Au seva yako haiyawezi? Basi niende kwenye seva ya Kiboko."

"Yangu? Isiweze?" Nyani akatunisha kifua, akafungua mlango wote.

Mlango, ng'wiii! Majina, chapchapchapchapchap! Mlango, kwaa! Ndizi, nyam! Akanyoosha mkono apokee nyingine. Hakuna.

Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Watoto wakanywa, gudu gudu gudu, na kitinda mimba akaongezwa.

"Mmeona seva yangu inavyokimbia?" Nyani akajigamba.

Wote wakapiga makofi. Mama Nguchiro alipiga kuliko wote, mkia juu kama bendera.

Ngano yangu imeingia ndani, mlango nimeufunga: kwaa!

Funzo, watoto: msiwe wavivu kama Mama Nguchiro. Fanyeni moja moja, kwa bidii, kama Nyani alivyotaka. Mtasifiwa sana.

Na maji? Maji mtawaomba wana wa Nguchiro.