Mbelwa na Muuza Kaseti Asiyeitikia Salamu

Paukwa!

Pakawa!

Nianze, au mmesinzia?

Anza, bibi, tuko macho!

Basi hapo kale, wala si kale sana, ni kale ya wazazi wenu walipokuwa watoto kama nyinyi, palikuwa na mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mkonge. Katika mji huo aliishi mama mmoja mjane na watoto wake wawili. Mkubwa aliitwa Mbelwa, kijana aliyeanza kuota ndevu. Mdogo aliitwa Mwantumu, binti mwembamba lakini sauti yake inafika mtaa wa pili.

Baba yao alikuwa dereva wa malori. Alipokufa aliwaachia mashine ya gemu, ya zamani, rangi ya majivu. Mashine ile unaiunganisha na televisheni, unachomeka kaseti nene kama kipande cha sabuni, kisha unashika pedi mkononi na kubonyeza. Enzi za uhai wake, kila jioni baba alikaa katikati ya wanawe wakacheza kwa zamu, mpaka mama awaite kula.

Baba alipokufa, kaseti nazo zikaharibika, hii leo, ile kesho, mpaka ikabaki mashine tupu. Gemu mpya za madukani haziingii katika mashine ile, na bei yake haishikiki. Basi Mbelwa na Mwantumu wakawa wanatafuta kaseti za zamani kwenye maduka ya mitumba. Walipekua chini ya pasi zilizoungua. Walipekua ndani ya ndoo za viatu visivyo na wenzake. Walipekua nyuma ya feni zisizo na mapanga.

"Kaka, kwani lazima?" Mwantumu aliuliza siku moja, mikono imejaa vumbi.

Mbelwa akasema, "Nikishika pedi namwona baba amekaa pale. Nisipoishika simwoni."

Mwantumu akapangusa vumbi, akaendelea kupekua.

Siku moja wakasikia kwamba nyuma ya kiwanda cha mkonge kilichofungwa, kuna duka jipya la vitu vya zamani. Kaseti zimejaa, na bei ni ya kutupa. Mbelwa hakungoja hata chai. Wakaenda.

Walikuta banda la mabati, na ndani kaseti zimepangwa ukutani kuanzia sakafuni mpaka juu. Nyuma ya meza alikaa mtu mnene, mikono imejaa nywele, kofia ameishusha mpaka shingoni.

"Shikamoo, mzee," akasema Mwantumu.

Yule mtu hakujibu.

"Shikamoo, mzee!"

Alimtazama Mbelwa tu, kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayepima nyama buchani.

Wajukuu zangu, mtu mzima asiyeitikia shikamoo, muogopeni. Mwantumu aliogopa. Akamvuta kaka yake shati. Lakini Mbelwa alikuwa ameshaona ukuta ule wa kaseti, na shati lake hakulihisi.

"Hii bei gani?" Mbelwa akauliza.

"Rahisi," akasema mwenye duka. Sauti yake ilikwaruza. "Lakini jaribu kwanza. Kujaribu ni bure."

Akachomeka kaseti isiyo na picha wala jina. Mbelwa akapewa pedi, akaketi, akaanza kubonyeza.

Jua likasogea. Mwantumu akaita, "Kaka Mbelwa, twende, mama anatungoja."

"Subiri kidogo."

Jua likasogea tena. Mwantumu akaita, "Kaka Mbelwa, twende, sipapendi hapa."

"Subiri kidogo."

Mwantumu akaanza kulia. Akaita kwa ile sauti yake ya kufika mtaa wa pili, "Kaka Mbelwa! Twende!"

"Subiri ki..."

Hakumaliza. Kiti kikawa kitupu. Pedi ikadondoka sakafuni. Na kwenye televisheni, mtu mdogo kama kidole, amevaa shati la bluu lililochanika mfuko, shati la Mbelwa, akawa anakimbia.

Mwenye duka akacheka. Alipoinama kuchomoa kaseti, kofia ikamtoka, na Mwantumu akaona kisogoni pake mdomo wa pili, unatafuna. Lilikuwa zimwi, wanangu. Zimwi lenyewe.

Mwantumu alikimbia mpaka nyumbani bila kugeuka.

Mama alisikia habari ile, akaifunga kanga yake kiunoni, akawaita majirani, wakaenda nyuma ya kiwanda. Hapakuwa na banda. Hapakuwa na kaseti. Palikuwa na majani yaliyofika kiunoni na popo ukutani. Majirani wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama Mbelwa, vijana wa siku hizi huenda kutafuta maisha. Atarudi." Wakaondoka.

Mama alirudi nyumbani, akapika, akapakua sahani ya Mbelwa, akaifunika. Kesho yake akaimwaga, akapakua nyingine.

Mwantumu alipoona hivyo, akasema moyoni, kaseti ile haiwezi kukaa kwa zimwi, kwa maana zimwi ni mfanyabiashara. Lazima itauzwa. Akaanza kuzunguka tena maduka ya mitumba. Safari hii hakutafuta mchezo.

Akaingia duka la kwanza. Akaona kaseti isiyo na picha wala jina. Akaomba ijaribiwe. Kwenye televisheni akatokea mwanamke mdogo kama kidole, mzigo wa kuni kichwani, anakimbia. Na badala ya muziki ikasikika sauti yake, nyembamba:

*Nakimbia, nakimbia,*
*anikimbizaye simwoni.*
*Nisimame, nisimame wapi?*
*Kwetu sikuoni.*

"Kaseti hii umeipata wapi?" akauliza Mwantumu.

Mwenye duka akasema, "Ameileta mtu mmoja na gunia. Bei yake rahisi mno, sikuuliza."

Akaingia duka la pili. Akaona kaseti isiyo na picha wala jina. Ilipochomekwa akatokea mzee, anasukuma baiskeli yenye kapu la muhogo, anakimbia huku anachechemea:

*Nakimbia, nakimbia,*
*anikimbizaye simwoni.*
*Nisimame, nisimame wapi?*
*Kwetu sikuoni.*

"Kaseti hii umeipata wapi?"

"Ameileta mtu mmoja na gunia. Bei yake rahisi mno, sikuuliza."

Akaingia duka la tatu. Huko alikuta watoto wawili wanacheza, wanagombania pedi, wanashangilia. Na aliyekuwa anakimbizwa kwenye televisheni alivaa shati la bluu lililochanika mfuko. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa sauti ya kaka yake:

*Nakimbia, nakimbia...*

"Nipe hiyo!" akapiga kelele Mwantumu.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja mjanja aliyeitwa Bi Mkubwa Rehani. Alipoona machozi ya binti, akapandisha bei. Mwantumu hakuwa na kitu. Akavua viatu vyake vya shule, akaviweka mezani. Bi Mkubwa Rehani akavitazama soli, akasema, "Haya, chukua." Mwantumu akarudi peku kwenye njia ya mkonge, miiba inamchoma, kaseti ameikumbatia kifuani.

Mama alikuwa anainjika maharage. Aliiona kaseti, akamwona binti yake anatoka damu miguuni. Wakachomeka kaseti katika mashine ya baba. Mbelwa akatokea.

"Mwanangu!" Mama akaidaka pedi, akabonyeza asijue anabonyeza nini. Mbelwa akaruka, akaanguka shimoni, akatokea tena mwanzo, akaanza kukimbia upya, anahema.

"Mama, usibonyeze! Wewe ndiye unayemkimbiza!"

Mama akaiachia pedi kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mbelwa akasimama. Lakini aliposimama, mawe yakaanza kumwangukia kutoka juu. Moja likampiga bega, jingine mgongo. Mkono wa mama ukaenda wenyewe kwenye pedi.

"Mama, iache."

"Anaumia!"

"Ukimkimbiza hatasikia. Iache, mama."

Mama akaukalia mkono wake.

Mwantumu akaita, "Kaka Mbelwa!" Mbelwa hakusikia.

Mwantumu akaita, "Kaka Mbelwa!" Mbelwa akageuza kichwa. Jiwe likampiga, akapiga magoti. Midomo ikacheza, na wote wawili waliona anachotaka kusema. Subiri kidogo.

Ndipo mama akaita, si kwa nguvu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaitia chakula zamani. "Mbelwa."

Mbelwa akainua uso. "Naam, mama."

Televisheni ikazimika. Na Mbelwa alikuwa kwenye mkeka, amejaa vumbi, vidole gumba vimevimba, mgongo una michubuko. Mama akamkumbatia.

Mlidhani imekwisha? Haijaisha. Zimwi lile lilinasa watu tangu kale, hata kabla ya gemu, na sasa lilishiba kila mtu alipocheza kaseti zake. Mbelwa alipotoka, tumbo la zimwi likanguruma, zimwi likajua limepungukiwa. Mlango ukasukumwa, likaingia, gunia begani, midomo yote miwili wazi.

"Nirudishieni tonge langu!"

Mbelwa akajificha nyuma ya mama. Mwantumu akapiga yowe. Mama akageukia jiko. Alinyanyua chungu cha maharage yanayochemka, akalimwagia miguuni, chungu kizima. Zimwi likalia kwa mdomo wa mbele, likalia kwa mdomo wa nyuma, likatupa gunia, likakimbilia mkongeni. Majirani walilifuata kwa mapanga lakini hawakuliona. Mpaka leo hakuna ajuaye liliko.

Ndani ya gunia mlikuwa na kaseti. Mama akauza mbuzi wake, wakaenda kununua na zile Mwantumu alizoziacha madukani. Wakazichomeka kila moja, na katika kila moja palikuwa na mtu anakimbia. Lakini watawaitaje? Hawayajui majina yao.

Basi Mbelwa, aliyekuwa hapendi tena hata kuigusa pedi, akawa anakwenda kijiji kwa kijiji akiuliza, "Nani amepotelewa na mtu?" Wengine walimfukuza. Wengine walimsikiliza, wakaja, wakaita, wakawapata watu wao, nyumba ikajaa vilio na vigelegele.

Siku moja akaja mwanamke mwenye mvi. Akamtazama yule mzee wa baiskeli kwa muda mrefu, akasema, "Huyu ni baba yangu. Alipopotea nilikuwa mdogo, sijaota meno ya mbele." Akaita, "Baba! Baba Kihiyo! Baba!" Mzee akaitika. Akatoka na baiskeli yake na kapu lake la muhogo, mbichi kama umechimbwa jana. Akamwona mwanamke mwenye mvi, asimjue. Akamwamkia kwa adabu, akamuuliza, "Dada, samahani, umewaona wanangu? Nimechelewa, hawajala."

Yule binti yake akaanza kumenya muhogo huku analia.

Na yule mwanamke mwenye kuni? Wa kwake hawakuja. Mbelwa alifika mpaka vijiji vya mlimani, hakuna aliyemjua. Mwantumu akawa kila alasiri anaichomeka ile kaseti, haigusi pedi, anataja majina. Mwanahamisi. Semeni. Mwasiti. Kijakazi. Mwanamke yule anasimama na kuni zake, mawe yanamwangukia, anasikiliza. Kisha Mwantumu anaizima upesi asiendelee kuumia, na kesho yake anaanza na majina mengine.

Hadithi yangu nimeifikisha hapo, na hapo ndipo ilipolala.

Tena sikieni, wajukuu zangu. Kitu kikiwa rahisi kupita kiasi, ulizeni kimetoka wapi. Na anayewapenda akiwaita, msimwambie asubiri. Itikeni, mwende.