Bi Chura Amkaribisha Nyati Maji

Hapo zamani, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mashamba yao na majirani wa kugombana nao, Bi Chura aliishi bwawani penye mayungiyungi. Viluwiluwi wake walicheza chini ya majani yale mapana, na samaki wakubwa hawakuwaona.

Juu ya bwawa kulikuwa na shamba la mahindi la Nyati. Nguvu alikuwa nazo, lakini jembe alilichukia! Akatafuta dawa ya magugu, akabeba bomba mgongoni, akapulizia. Fyuuu! Fyuuu! Magugu yakakauka. Mvua ikanyesha, ikaisomba dawa yote mpaka bwawani.

Mayungiyungi yakageuka manjano, yakaoza. Likabaki moja tu, pembeni, na viluwiluwi wakasongamana chini yake wakitetemeka.

Bi Chura akapanda shambani, chupu, chupu, chupu.

"Hodi, mjomba!"

"Karibu, mpwa wangu. Kuna nini?"

"Dawa yako inaua mayungiyungi. Wanangu hawana pa kujificha."

"Aa! Ile inaua magugu tu. Ikifika majini haina neno. Hata mtoto anaweza kuyanywa!"

Bi Chura hakubishana. Alimpenda mjomba wake, maana kiangazi bwawa lilipokauka, ni Nyati aliyelichimbua kwa pembe zake.

"Basi kesho njoo kwangu ule, mjomba. Nimewaalika na majirani."

Nyati na chakula! Alifika wa kwanza. Bi Chura akamwekea ungo mzima wa karanga za chumvi. Kacha, kacha, kacha! Akala mpaka koo likamkauka.

"Maji, mpwa wangu! Maji!"

Bi Chura akamletea kibuyu kilichojaa pomoni. "Maji ya kwetu haya, mjomba. Si ulisema hata mtoto anaweza kuyanywa?"

Nyati akakisogeza mdomoni. Akasita. Akakirudisha chini.

"Kiu... kiu imekwisha."

"Imekwisha vipi, na ulimi uko nje?" akauliza jirani yao Ngiri.

"Kunywa! Kunywa!" wakapiga kelele wote.

"Sinywi!" akanguruma Nyati. "Dawa ile naijua! Ikinidondokea mguuni tu, ngozi inababuka!"

Nyati akajisikia mwenyewe alichosema, masikio yakamlegea.

Bi Chura akachukua kibuyu. Gudu, gudu, gudu!

"Yawee! Utakufa!" akapiga yowe Nyati.

"Nife kwa lipi? Haya ni ya chemchemi, nimeyateka asubuhi."

Nyati akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika. Alipomaliza kucheka akawatazama viluwiluwi, akainamisha kichwa. "Umenipata, mpwa wangu. Nisamehe."

Bomba akalitupa, akashika jembe. Ngiri na wanawe wakaja kumsaidia kung'oa magugu, na Bi Chura akawapikia uji. Taratibu, jani baada ya jani, bwawa likafunikwa tena.

Basi, wanangu, anayekumwagia kitu majini na kusema hakina neno, mkaribishe anywe yeye kwanza.