Kijiko cha Mzee Mgaza

Isome hii taratibu, hata kama una haraka. Hasa kama una haraka.

Kwenye makao fulani ya wazee alikuwepo mhudumu aitwaye Siwema. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha wazee wasiojiweza, kuwageuza wasipate vidonda vya mgongo, na kuwalisha. Tusimwonee, alikuwa mchapakazi. Wenzake wakiwa bado wanafunga kanga kiunoni, yeye keshaogesha wawili.

Siku moja akaletwa Mzee Mgaza. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti na mkono wa kulia. Siwema akachota uji, akampelekea kijiko mdomoni. Mzee akafumba mdomo. Kwa mkono wa kushoto akakishika kile kijiko, akakirudisha polepole upande wa Siwema.

"Kula, babu. Wenzako wanane wananisubiri."

Mzee akakisukuma tena, huku akimtazama usoni. Uji ukamwagikia sare ya Siwema. Akasonya kimoyomoyo, akachukua karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akaandika: Amekataa kula.

Ikawa hivyo mchana, ikawa hivyo kesho yake na keshokutwa. Karatasi ikajaa maneno yale yale. Daktari alipoisoma akaagiza mzee awekewe mpira wa kulishia puani. Mzee hakupigana na mtu. Aligeukia ukutani tu, na baada ya wiki mbili akafariki.

Dada yake, Bibi Mboni, alikuja kuchukua nguo zake.

"Shikamoo, bibi," alisema Siwema. "Pole sana. Tulijitahidi, lakini babu alikataa kula."

"Marahaba, mwanangu. Alikataaje?"

Siwema akamwonyesha kwa mkono jinsi mzee alivyokuwa akikirudisha kijiko.

"Na wewe, wakati huo, ulikuwa unakula nini?"

"Mimi? Sikuwa nakula, bibi. Nilikuwa kazini."

Bibi Mboni akaketi kwenye kitanda kitupu.

"Basi hakukataa. Alikuwa anakukaribisha. Tangu utoto kaka yangu hakuwahi kula mbele ya mtu anayemtazama tu. Baba alitufundisha kuwa huo ni ulafi. Ungeonja kidogo tu, mwanangu, angemaliza bakuli zima."

Siwema aliyakumbuka yale macho ya mzee, aliyodhani ni ya ukaidi. Kumbe kila asubuhi yalikuwa yanamwambia "Karibu", na hata siku moja hakuitikia. Bibi hakumlaumu, akafunga nguo za kaka yake kwenye kanga na kuaga. Afadhali angemlaumu.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Siku hizi Siwema hubeba bakuli la uji na vijiko viwili. Na kila mzee mgeni anapoletwa, kabla hata ya kumvua viatu, huwauliza ndugu zake: "Nyumbani alikuwa anakulaje?"

Ni swali lisilomaliza hata dakika moja. Mzee Mgaza hakuulizwa.

Funzo: Kabla hujaandika kwamba mtu amekataa unachompa, jiulize kwanza yeye alikuwa anakupa nini.