Sinia la Kumi na Tatu

Palikuwa na sultani mmoja, jina lake Darweshi, mnene wa mwili, mwembamba wa huruma. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na siku hiyo ilipolia, jambo lenyewe lilikuwa hili: kilichozidi, kilichokithiri na kilichofurutu ada, vyote ni haramu katika mji wake. Askari wakichukue, na mwenyewe ahame kabla ya jua kuzama. Mji ukashika adabu. Mwenye mbuzi wawili alimficha mmoja, na mzee mmoja aliyekuwa na wake watatu akawa haonekani nje.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Bi Mize, mjane, mpishi wa harusi. Hakuwa na kitu duniani ila sufuria kubwa ya shaba aliyorithi kwa mama yake. Sufuria ile ndiyo iliyokuwa shamba lake, ng'ombe wake, na tangu marehemu aondoke, mume wake. Askari wawili waliibeba, naye akaifuata nyuma huku akiwatukana mpaka barazani.

"Mwanamke," Sultani akasema, "juzi ulipika harusi. Waalikwa walikuwa wangapi?"

"Arubaini na wanane, Seyyid."

"Na masinia?"

"Kumi na matatu."

"Waona! Watu wanne sinia moja, hata mtoto mchanga anajua. Arubaini na wanane ni masinia kumi na mawili. La kumi na tatu limezidi, limekithiri, limefurutu ada, na sufuria iliyolipika pamoja nalo!"

"Subiri, Bwana wangu. Hayo maneno matatu si ndugu wa tumbo moja."

"Yote mamoja!"

"Hayawi mamoja hata kidogo. Sisi wapishi hatupiki harusi bila kuongeza sinia la mgeni asiyealikwa, maana hakosi. Hiyo ni ziada, nayo ina mwenyewe, ila hajafika tu. Ningepika masinia thelathini, mtaa mzima ukala na majirani wakabeba, hapo wali ungekuwa umekithiri, na watu wangeniombea dua. Lakini kufurutu ada ni kingine kabisa. Desturi imesema mwisho hapa, mtu akaruka akaenda zake."

Wazee wa baraza wakatikisa vichwa kumkubalia, kisha wakakumbuka walipo wakaacha.

Sultani akacheka. "Una maneno wewe! Basi nionyeshe. Katika harusi ile, nionyeshe kitu kimoja kilichofurutu ada kuliko sufuria yako. Ukikionyesha, askari watakichukua hicho, wewe uende na sufuria yako. Ukishindwa, sufuria yangu, na wewe njia hiyo."

Bi Mize akaitazama sufuria. Moyo ulimwenda mbio, kwa kuwa bila ile angekuwa ombaomba katika mji wa watu. Lakini ulimi wake haukuwahi kuwa na habari za moyo wake.

"Naomba amani kwanza, Seyyid, nikuulize mawili matatu."

"Umepewa, na wazee hawa mashahidi."

"Hilo sinia la kumi na tatu, nani alikwambia kwamba lilikuwapo?"

"Niambiwe nini? Nimeliona kwa macho yangu! Nilikwenda mwenyewe kuchungulia kama sheria yangu inafuatwa."

"Ulialikwa?"

"Sultani haalikwi, anafika."

"Karibu sana. Na sinia ulilionea wapi?"

"Mbele yangu, walinitengea."

"Basi ziada ilimpata mwenyewe. Ulikula na nani?"

"Nile na nani? Sultani hachangii sinia na mtu."

"Wali ulikuwaje, Seyyid? Nisije nikawa nimekosea chumvi."

Hapo Sultani akasahau kwamba yuko hukumuni. Uso ukamng'aa. "Chumvi barabara! Na zile nyama za mbavu! Na zabibu! Nakwambia, Mize..."

"Kilibaki kitu?"

"Kibaki nini? Nililifuta kwa kidole! Ukoko wenyewe niliuagiza, wakaukwangua sufuriani wakaniletea!"

Mzee mmoja akapata kikohozi cha ghafla. Mwingine akawa anahesabu boriti za dari. Sultani akatazama huku, akatazama kule, akajitazama chini, asione miguu yake.

"Unanizungusha, mwanamke!" akanguruma. "Nimekutaka kitu kimoja tu kilichofurutu ada. Kiko wapi?"

"Kimekaa hapo, Seyyid, juu ya mapaja yako. Sinia la watu wanne liliingia tumbo moja. Waamrishe askari walichukue, mimi nabeba sufuria yangu."